Chini ya Miguu ya Mzee Gan

Inspekta Tay Geok Eng alipofika bustanini, Mzee Gan Tiong Hin alikuwa bado ananing'inia hewani. Wafanyakazi walikuwa wamemfunga minyororo kifuani na kumwinua kwa winchi ili wachimbe mtaro wa maji ya mvua. Ndipo jukwaa la zege alilosimama juu yake miaka yote likapasuka, na kilichokuwa ndani kikaonekana. Dereva wa winchi alizima mashine, akaruka chini, akakimbia bila kutazama nyuma. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kupanda kumshusha mzee. Sanamu ya shaba ilikuwa ikijizungusha taratibu juu ya vichwa vya watu, mkono mmoja umekumbatia kitabu.

"Afande, kama umekunywa chai, simama mbali," Sajini Rosli alimwambia.

"Nimekunywa kahawa."

"Hata hiyo."

Geok Eng aliinama chini ya kamba ya polisi. Mifupa ilikuwa imelala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, kama mtu aliyelala akisikia baridi. Fuvu lilikuwa na tundu kisogoni. Kando yake kulikuwa na fremu ya miwani isiyo na vioo, na kipande cha ngozi nyeusi iliyokakamaa. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kiatu, kimejaa saruji, na kwa nyuma kilikuwa kimeinuka sana.

Kila mtoto wa mji wa Batu Limau huletwa katika bustani hii kabla ya mtihani mkubwa, akiguse kiatu cha shaba cha Mzee Gan ili apate bahati. Mzee huyo aliyeanza kwa kubeba magunia bandarini, akatajirika kwa mashamba ya mpira na mananasi ya makopo, alijenga shule kabla hajajijengea nyumba. Geok Eng naye alikuwa amekigusa kiatu hicho, akiwa na sare nyeupe na nywele za mkia wa farasi, huku amekanyaga jukwaa hilihili. Alijikuta akijifuta mkono kwenye suruali.

"Kina kisigino!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka kwenye kamba. "Kile kiatu kina kisigino! Jamani, ni Mwalimu Suet Fun!"

Jina lilipita katika umati kama moto kwenye majani makavu. Watu wazima walishika vinywa vyao. Vijana waliuliza Suet Fun ni nani, wakaelezwa na watu watatu kwa mpigo: alikuwa mwalimu mzuri wa sura, akatoweka mwaka ule bustani ilipokuwa inajengwa, ikasemwa ametoroka na mpiga fidla wa sinema. Kumbe hakufika popote.

Kwenye benchi la mawe alikaa Mwalimu Teoh Hock Lam, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya bustani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, kama siku zote, lakini uso wake ulikuwa umepauka kama jivu. Geok Eng alimwinamishia kichwa, kama wafanyavyo wote waliopita mikononi mwake, hata waliokuwa mawaziri.

"Eng, mwanangu," alisema. "Wiki ijayo tulikuwa tufanye kumbukumbu ya Mzee Gan. Kwaya imeshajiandaa."

"Pole, Mwalimu. Ulimjua Suet Fun?"

"Hapana. Mimi niliajiriwa kushika nafasi yake. Nilipofika, yeye alikuwa ameshaondoka."

"Watu walisemaje?"

"Walisema mengi." Alikunywa maji, glasi ikagonga meno. "Walisema pia kwamba kijana wa Mzee Gan alikuwa akimfuatafuata. Kheng Boo. Lakini hizo ni porojo za mkahawani, usizitie maanani."

Geok Eng alizitia maanani. Jukwaa la zege humiminwa mara moja tu. Wakati ule bustani ilikuwa imezungushiwa mabati, na walioruhusiwa kupita getini ni makundi mawili tu: mafundi wa mawe walioletwa kutoka Penang, na familia ya Gan yenyewe. Mafundi hawakumjua mwalimu yeyote wa mji huu. Kheng Boo alimjua.

*

Gan Kheng Boo aliwapokea barazani, kwenye kiti cha magurudumu, bakuli la uji na yai la chumvi mapajani. Ujanani alikuwa akiendesha gari la wazi na kuvaa soksi za hariri. Sasa hata kijiko kilimtetemeka.

"Mmekuja kunikamata? Basi subirini nimalize uji. Chakula cha mahabusu nakijua, baba yangu aliwahi kukipeleka kwa msaada."

"Mzee, ulionekana ukiwa na Mwalimu Suet Fun siku aliyotoweka," alisema Geok Eng. "Ndani ya gari lako."

"Kweli."

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Stesheni ya basi."

"Mzee, kituoni kwetu polisi watu wote wakubwa wananiambia ulikuwa unamtaka."

"Nilimchumbia mara mbili!" Kheng Boo aliweka kijiko chini. "Nilivyokwenda mara ya tatu, akaniambia, Boo, wewe ndiye rafiki yangu pekee mwenye gari, nipeleke stesheni nimfuate Ah Meng. Mpiga fidla! Mtu hana hata viatu viwili! Nikambebea sanduku mpaka ndani ya basi. Sasa wewe binti, ungetangaza jambo hilo mjini? Mtoto wa Gan Tiong Hin kawa mchukuzi wa bibi harusi wa mwenzake? Nikaona heri waseme nimemuua."

Rosli alikohoa ili asicheke. Geok Eng hakucheka.

"Nani shahidi wako?"

"Yeye mwenyewe. Yuko Singapore. Kila Mwaka Mpya ananitumia keki za nanasi, ngumu kama kokoto."

Kabla Geok Eng hajafungua kinywa, simu yake ililia. Alikuwa Dokta Muniandy, mchunguzi wa maiti.

"Inspekta, nani amekwambia huyu ni mwanamke?"

"Mji mzima."

"Basi mji mzima haujawahi kuona nyonga. Huyu ni mwanamume, kijana, hajafika thelathini na tano. Amepigwa kisogoni na kitu kizito chenye uso bapa. Na paja la kushoto lilivunjika akiwa mtoto, likaungwa vibaya. Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake."

"Na kile kiatu chenye kisigino?"

"Nimekisafisha. Si kisigino tu, soli yote imeongezwa unene, toka nyuma hadi mbele. Ni kiatu cha mtu anayechechemea, ili asawazishe mwendo."

Geok Eng alikata simu akabaki ameishika. Kheng Boo alikuwa anamtazama, uji umemganda kidevuni.

"Mwanamume," alimwambia Rosli. "Mwanamume gani alipotea Batu Limau mwaka ule?"

"Hakuna, afande. Asubuhi nimewauliza wastaafu wote wa kituo. Aliyetoweka ni Suet Fun peke yake. Labda mmoja wa mafundi?"

"Mafundi wangemtafuta mwenzao. Mtu mzima, ana miwani, ana kiatu kilichoshonwa kwa ajili yake, halafu asiulizwe na mtu?" Aligeuka. "Mzee Boo, nipe namba ya simu ya huyo mpenzi wako."

"Hajawahi kuwa mpenzi wangu," Kheng Boo alisema kwa uchungu, lakini aliitaja namba yote bila kutazama popote.

*

"Halo, Boo? Umeanguka tena?" Sauti ilikuwa ya bibi mwenye haraka, na nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Hapana, mama. Mimi ni Inspekta Tay, polisi wa Batu Limau. Unaitwa Liew Suet Fun?"

"Boo amekufa?"

"Mzima, yuko hapa. Tatizo ni kwamba tangu asubuhi mji mzima unalia kwamba wewe umekufa."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu ananitapikia begani sasa hivi, mimi nimekufa! Nani kaniua?"

Geok Eng alimweleza. Kicheko kilipungua kidogo kidogo. Alipofika kwenye mguu mfupi na kiatu cha soli nene, hakikusikika tena.

"Kwa nini unaniuliza habari za Hock Lam?" Suet Fun alisema.

"Hock Lam yupi, mama?"

"Teoh Hock Lam. Tulikuwa wote chuo cha ualimu. Alianguka mtini alipokuwa mdogo, mguu ukapinda. Ukimsikia ukumbini unajua ni yeye. Mwenye akili sana, ila alikuwa na ulimi, huyo! Akikuona umekosea herufi moja, utachekwa mpaka utamani ardhi ipasuke. Nilipoamua kuondoka niliona haya kuwaacha watoto bila mwalimu, nikaiandikia kamati ya shule imchukue yeye. Si ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu? Boo aliniambia. Nilifurahi sana."

"Hukuwahi kurudi kumwona?"

"Ningerudi Batu Limau na uso gani?"

Geok Eng aliketi kwenye ngazi ya baraza bila kukusudia. Mwalimu Teoh anayemjua yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza mbio za kupanda kilima kila mwezi, filimbi mdomoni, peku, miguu imara kama ya swala, akiwapigia kelele waliochoka. Mwalimu Teoh ndiye aliyeandika ubaoni herufi nzuri kiasi kwamba wanafunzi waliona haya kuzifuta. Na siku ya picha ya darasa, mwaka baada ya mwaka, alikuwa anachukua kamera kutoka kwa mpiga picha. Niacheni mimi nipige, alikuwa akisema, sura yangu itawaharibia. Katika ukumbi wa shule hakuna picha yake hata moja. Watu waliita hiyo unyenyekevu.

"Afande?" Rosli alimwinamia. "Umekuwa mweupe. Nikuletee maji?"

"Kuna mtu alikuja Batu Limau kufundisha, Sajini. Mji ulimsubiri, lakini hakuna aliyeijua sura yake. Akaishia kwenye zege." Aliinuka ngazini. "Na baada ya siku chache, mtu akaingia darasani, akasema naitwa Teoh Hock Lam."

"Mwalimu Mkuu? Afande, mke wangu amesoma kwake! Alikuja harusini kwetu, akatuandikia ile karatasi nyekundu ya heri ya kubandika mlangoni!"

"Na mimi amenifundisha kushika kalamu. Washa gari."

*

Walimkuta bustanini, kwenye ukuta wa mawe ya kuchongwa, upande usiofungwa kamba. Ukuta ule ulisimulia maisha ya Mzee Gan kwa michoro na maandishi. Kila mwaka kabla ya kumbukumbu Mwalimu alikuwa akijaza mwenyewe rangi ya dhahabu ndani ya herufi zake, na kuwafukuza wapaka rangi wote waliojitolea. Leo pia alikuwa na kopo na brashi. Geok Eng alisimama nyuma yake akamtazama. Brashi iliingia katika kila mfereji wa jiwe bila kubahatisha, ikageuka pale herufi inapogeuka, hata mwenyewe alipokuwa anatazama pembeni.

"Mwalimu."

"Eng. Umempata Kheng Boo?"

"Nimempata. Mwalimu, nina swali moja. Mguu wako wa kushoto ulivunjika lini?"

"Haujawahi kuvunjika, nashukuru mbingu, mpaka leo bado..." Alisimama hapohapo. Alimgeukia polepole, akakiona kiatu ndani ya mfuko wa plastiki mkononi mwa Rosli, kimesafishwa, soli yake nene imeonekana yote.

"Suet Fun yuko hai," alisema Geok Eng. "Nimeongea naye. Alisoma na Teoh Hock Lam."

Rangi ya dhahabu ilidondoka kutoka kwenye brashi ikaanguka kwenye kiatu cha Mwalimu. Hakuitazama. Aliweka kopo chini kwa uangalifu, akarudisha kifuniko, akakikandamiza kwa kidole gumba.

"Ulikuwa fundi wa mawe," alisema Geok Eng.

"Nilikuwa mchonga herufi. Tulifanya kazi na vitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Hakuna aliyetujua sura." Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, haina haraka. "Wenzangu walikuwa wamekwenda kula, geti wameliacha wazi. Akaja kijana na sanduku, anataka kuiona bustani kabla hajaripoti shuleni. Akasoma ukuta wangu. Hapa." Aliweka kiganja kwenye jiwe. "Akasema nimekosea kistari kimoja. Akacheka. Akasema ndiyo hasara ya kumpa asiyesoma kazi ya kuandika habari za shule. Nilikuwa na nyundo mkononi."

"Mara ngapi?"

"Moja. Ningependa kukwambia sikukusudia. Nimejaribu kujiambia hivyo, sijawahi kujisadiki."

"Kisha ukamimina zege."

"Lilikuwa limeshachanganywa. Wenzangu waliporudi niliwaambia nimelimaliza mwenyewe, wakashukuru. Halafu nikafungua sanduku lake, nikiwaza nipajue kwao. Kulikuwa na koti. Nikalivaa, likanikaa." Alimtazama Geok Eng kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. "Niliwaaga mafundi nikasema naumwa, narudi kwetu. Mimi nilijifunza kusoma kwa kuchonga majina ya wafu makaburini, Eng. Sikuwahi kukaa darasani hata siku moja, mpaka siku niliyoingia kufundisha."

"Usiniite Eng."

Mzee alipokea neno hilo kama kofi.

"Miaka yote hiyo!" Rosli alilipuka. "Watoto wetu tumewaleta wewe uwawekee mkono kichwani! Umewasimamisha juu ya mtu!"

Geok Eng akasema, "Ndugu zake hawakuja kumtafuta?"

"Baba yake alikuja mara moja, kwa basi. Nilimwona dirishani, ameshika kapu la matunda. Nilimtuma bawabu akamwambie Mwalimu Teoh hana ndugu."

Geok Eng alitoa pingu. Alikosa tundu mara ya kwanza, na mzee mwenyewe alimsogezea kifundo cha mkono ili imwie rahisi.

"Jina lako la kweli?"

Alichukua muda. Ni kama mtu aliyeambiwa aimbe wimbo alioimbiwa utotoni.

"Lau Ah Thor," alisema.

Getini wanakamati walikuwa wamekusanyika na vijiti vyao vya ubani. Walipomwona Mwalimu Mkuu anatembea katikati ya polisi wawili, mikono mbele, walifikiri amezidiwa na joto, wakakimbia na feni za mkono na maji. Kisha mmoja wao, Mama Phang, aliyewahi kumlea Geok Eng kama binti yake, akaziona pingu.

"Wewe mtoto, una wazimu? Huyu ni Mwalimu! Mfungue! Mfungue upesi!" Alimshika Geok Eng shati akalivuta mpaka kifungo kikaruka. "Mwalimu, mwambie! Mwambie huyu mpumbavu!"

Mzee aliinamisha kichwa. "Mwache, Mama Phang. Anafanya kazi yake sawasawa."

Mama Phang alitazama uso ule, akautazama tena, na alichokiona humo kikamfanya aachie shati. Alirudi nyuma akakaa chini, palepale njiani, na vijiti vyote vya ubani vikamwagika miguuni mwake.

*

Suet Fun alikumbuka kwamba akina Teoh walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Taiping. Polisi wa Taiping walilipata kabla jua halijazama. Baba na mama walishafariki. Alibaki dada, Teoh Saw Imm, ambaye alikuwa bado anaishi juu ya duka.

Rosli alijitolea kupiga simu. Geok Eng akakataa, akafunga mlango wa ofisi.

"Polisi wa Batu Limau?" Dada aliitikia kabla Geok Eng hajamaliza kujieleza. "Batu Limau! Basi ni habari za kaka yangu. Amewatuma?"

"Dada Saw Imm, naomba..."

"Nilijua tu. Nilimwambia mume wangu, atazeeka, atatukumbuka. Anaumwa? Msinifiche." Sauti ilijaa furaha na machozi kwa pamoja, maneno yakawa yanakanyagana. "Mwambie Baba hayupo tena, hakuna wa kumgombeza. Baba alirudi kutoka kwenu akaliweka kapu mezani, na tangu siku hiyo tulikatazwa kulitaja jina lake. Lakini mimi nilikuwa nasikia habari. Watu wakija kununua baiskeli wakisema wametoka upande huo, nawauliza, mnamjua Mwalimu Mkuu Teoh? Wanasema, nani asiyemjua, ametutoa gizani. Mimi nalia dukani mbele ya wateja. Namsamehe, afande. Kama aliona haya kwa ajili yetu, kwamba sisi ni watu wa grisi na minyororo, namsamehe. Si amesomesha watoto wa watu?"

Geok Eng alifunika macho kwa mkono. Nje, Rosli alikuwa amesimama mgongo umeelekea kioo.

"Dada, uko na mtu hapo nyumbani?"

"Mume wangu yupo, anafunga duka. Kwani vipi?"

"Mwite aje. Na wewe, tafadhali, tafuta kiti."

Kilisikika kiti kikiburutwa, na sauti ikiita jina la mumewe kwa shangwe, njoo, njoo upesi, ni kaka. Kisha akarudi kwenye simu, anahema.

"Haya, nimekaa," alisema. "Mpe simu nimsikie."